Ile Jumamosi Moja

Mwezi wa sita, Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi haijagonga. Baridi ya Lubumbashi ya msimu huu inaingia mpaka kwenye meno, na barabara za mtaa wetu wa Golf bado ni za kijivu. Sauti inakufikia kabla ya watu: mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na chini yake miguu inagonga lami kwa pamoja, pa, pa, pa. Kisha wanatokea, watu thelathini au arobaini, kijana wa mbele ana filimbi shingoni, papa mmoja mwenye kitambi amefunga taulo kichwani. Wewe umesimama getini kwa lupango na viatu ambavyo havijapata vumbi bado. Mmoja anakupungia mkono: "Yaya, kuya! Twende!"

Mimi nilienda. Nilikuwa na mwezi mmoja wa futingi, yaani mbio za asubuhi, peke yangu, kilomita tatu, siku nyingine nne, na nilikuwa nimeanza kujiona mwanamichezo. Asubuhi ile tulizunguka Golf Météo, tukateremka, tukapanda, nyimbo zikanibeba. Niliporudi nyumbani niliambiwa tulikuwa tumekimbia kilomita kumi na mbili. Nilioga nikiwa na furaha isiyo na kipimo. Siku ya tatu nilishindwa kushuka ngazi ya baraza bila kushika ukuta. Mfupa wa ugoko wa mguu wa kushoto uliniweka chini majuma sita.

Watu walinipa sababu nyingi. Viatu vibaya. Umri. Hukunyoosha misuli. Unakanyaga kwa kisigino. Ndugu mmoja alisema ni baridi. Hakuna aliyetaja ile Jumamosi yenyewe, kwa sababu Jumamosi yenyewe ilikuwa nzuri, na tumezoea kufikiri kwamba kinachoumiza kitauma wakati kinafanyika.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya anayesimama getini leo, na kikubwa nilicho nacho cha kumwambia ni hiki: mtu anayeanza kukimbia haumizwi sana na mazoezi ya mwezi mzima, mara nyingi anaumizwa na siku moja iliyopita kipimo.

Kwa miaka mingi wakimbiaji wameambiana kanuni ya asilimia kumi: jumlisha kilomita zako za juma, juma linalofuata usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi. Inasikika vizuri, lakini ilipojaribiwa haikutoka na sifa. Mwaka 2008 watafiti wa Groningen, Uholanzi, walitoa matokeo ya watu 532 waliokuwa wanaanza kukimbia. Nusu walipewa mpango wa majuma 13 unaofuata asilimia kumi, nusu wakapewa wa majuma 8 unaopanda kwa kasi zaidi. Kila upande aliumia karibu mtu mmoja kwa watano, pasipo tofauti. Kisha mwaka 2025, katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza, ikatoka kazi ya watafiti wa Denmark waliofuata wakimbiaji zaidi ya 5,000 kwa mwaka mmoja na nusu kupitia saa zao za mkononi. Mabadiliko ya kutoka juma hadi juma hayakutabiri nani angeumia. Kilichotabiri ni mbio moja moja. Aliyekimbia siku moja zaidi ya asilimia kumi juu ya umbali wake mrefu kuliko wote wa siku 30 zilizopita alijiongezea hatari, na aliyezidisha mara mbili na kupita, hatari yake ilizidi maradufu.

Nilipoisoma nilihesabu: kutoka nne kwenda kumi na mbili ni mara tatu.

Kwa hiyo sahau hesabu za juma, angalau mwanzoni. Weka namba moja tu kichwani au uiandike ukutani jikoni: mbio yangu ndefu kuliko zote ya siku 30 hizi ni kilomita ngapi? Ikiwa ni 5, inayofuata isipite 5 na nusu. Ukiishika hesabu hiyo, kutoka 5 kufika 10 ni ngazi nane. Weka ngazi moja kwa juma, acha majuma mawili matatu ya kutopanda kabisa, na utaona kwamba ni kazi ya miezi miwili na nusu. Si mingi. Anayeanza mwezi wa tano mvua zinapoisha atafika kumi kabla joto la mwezi wa kumi halijafika, na hapa kwetu mwezi wa kumi hauna huruma.

Sasa, kwa nini mguu unakudanganya? Kwa sababu sehemu za mwili hazijengeki kwa kasi moja. Moyo na mapafu hujirekebisha upesi. Ndani ya majuma matatu au manne unaona mlima uliokuwa ukikuua sasa unaupanda huku unasalimia watu. Misuli inafuata. Kano, kama ile nene ya juu ya kisigino, inakwenda kwa miezi. Na mfupa una tabia yake. Unapoutikisa kwa mzigo mpya, mwili hufanya kama fundi anayekarabati ukuta: kwanza anatoa matofali mabovu, halafu ndipo anaweka mapya. Kutoa kunachukua majuma mawili au matatu. Kujenga upya kunahitaji miezi mitatu hivi. Maana yake kuna kipindi, karibu na mwisho wa mwezi wa kwanza, ambapo ukuta una matundu mengi kuliko siku ulipoanza, na ndicho kipindi hichohicho mapafu yanakuambia uko tayari kwa lolote. Mwezi mmoja wa futingi, pumzi nzuri, kundi linapita na nyimbo. Unaona jinsi mtego ulivyotegwa.

Tuanze basi na mtu ambaye hajakimbia kabisa tangu shule. Huyo asikimbie. Namaanisha, asikimbie mfululizo. Mwaka 1996 Mmarekani mmoja kijana, Josh Clark, aliandika mpango wa majuma tisa akimfikiria mama yake, na tangu hapo umetumiwa na watu wengi sana duniani: siku ya kwanza ni sekunde 60 za kukimbia na 90 za kutembea, unarudia kwa dakika 20, mara tatu kwa juma, basi. Kwa Golf ningeurahisisha zaidi, maana si kila mtu ana saa ya kuhesabu sekunde. Tumia nguzo za umeme. Kimbia kutoka nguzo moja hadi ya pili, tembea nguzo mbili. Baada ya majuma mawili, nguzo mbili kwa mbili. Kisha tatu kwa moja. Umeme wenyewe unaweza kuwa umekatika, nguzo zipo. Siku tatu kwa juma, na baina yake siku ya kupumzika ambayo ni sehemu ya zoezi, kwa sababu fundi hajengi huku nyumba inapigwa nyundo.

Aibu ya kutembea ni tatizo kubwa kuliko magoti. Najua. Kijana wa manseba anapita na pikipiki yake, anakuona umevaa kaptula ya michezo halafu unatembea, anapiga honi na kucheka. Mwache. Mwendo wako asubuhi ile haumhusu.

Kuhusu kasi, kipimo kizuri kuliko saa yoyote tunacho tayari, nacho ni wimbo. Ikiwa unaweza kuitikia mstari mzima bila kukata, kasi ni sahihi. Ikiwa unaitikia nusu na nusu nyingine unaimeza, umepita. Ukiwa peke yako, sema kwa sauti sentensi moja ndefu, hata kama ni orodha ya vitu vya sokoni. Watu hudhani mabingwa wanakimbia kasi kila siku. Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40 kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa akitumia dakika 2 na sekunde 50 kwa kila kilomita. Lakini katika siku nyepesi, huko Kaptagat alikofanyia mazoezi chini ya kocha Patrick Sang, kundi lake lilianza polepole kiasi kwamba mgeni angeweza kudhani wanasubiri mtu. Kama yeye alikuwa na siku za polepole, wewe unayetoka kazini umechoka, zako zote tatu za juma na ziwe hivyo.

Ardhi ya kwetu inastahili maneno kidogo. Golf ilipata jina lake kwenye kiwanja cha gofu, ila usitegemee majani laini ya kukimbilia. Una lami na una udongo mwekundu. Lami yenyewe haina ubaya, isipokuwa imeinama kando ili maji yateremke, na mteremko ukiwa kila siku upande uleule wa mwili wako, mguu mmoja unakuwa kama mrefu kuliko mwingine. Pasipo na magari, nenda na urudi kwenye ukingo mmoja wa barabara, ili miguu ibadilishane; penye magari, kaa upande unaoyaona yakija mbele yako. Udongo ni laini mwezi wa nne. Mwezi wa nane ni tofali, na mashimo yaliyochongwa na mvua yamekauka vilevile yalivyo, yanasubiri kifundo cha mguu. Msimu huo vumbi la malori linaelea hewani mpaka saa mbili, kwa hiyo toka mapema au chagua njia zisizo na magari makubwa. Mvua zikirudi, ukiona umeme angani rudi nyumbani bila kujadili. Tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari: aliyezaliwa hapa hana habari nayo, mgeni wa kutoka Dar es Salaam au Matadi atahema kidogo siku za mwanzo.

Viatu nitavipita haraka, kwa kuwa watu huvipa heshima isiyo yao. Hakuna kiatu kinachoweza kulipia siku ya kilomita kumi na mbili. Ukienda kununua vya mitumba katika soko la Kenya (komini yetu, si nchi), viweke juu ya meza na uvitazame kwa nyuma: kikiwa kimelalia upande mmoja, mwenyewe wa kwanza alishakimaliza. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Isiporudi, ni ubao. Kivae, tembea, rukaruka. Kinachokustarehesha mguuni ndicho chako, hata kama rangi yake inakutia haya. Na kikiwa kipya, usikitoe mara ya kwanza siku ya mbio ndefu.

Sasa maumivu, na hapa naomba ukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mara ya pili.

Si kila maumivu ni jeraha. Misuli ya mapaja na ya nyuma ya mguu inayouma pande zote mbili siku ya pili baada ya zoezi jipya, ikalainika unapotembea, ni kazi ya kawaida. Wataalamu wa viungo hutumia kipimo cha sifuri hadi kumi: maumivu yasiyopita tatu wakati wa kukimbia, na ambayo asubuhi inayofuata yamerudi yalipokuwa, unaweza kuendelea nayo kwa uangalifu. Asubuhi ndiyo hakimu. Hatua zako za kwanza kutoka kitandani hadi mlangoni zinasema ukweli ambao jioni ulifichwa na mwili uliopata moto. Unyayo ukichoma kama umekanyaga msumari hatua tano za kwanza, au kano ya kisigino ikiwa ngumu kama kamba iliyolala nje, punguza leo, usingoje juma.

Kwa ugoko, keti baraza, vua soksi, na upitishe kidole gumba taratibu juu ya ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka kifundoni kupanda. Ukikuta uchungu umetandaa, kama urefu wa kiganja au zaidi, kwa kawaida ni ngozi ya mfupa na misuli iliyochokozwa: pumzika siku chache, rudi na umbali mdogo. Ukikuta mahali pamoja, padogo kama sarafu, na ukipabonyeza unaruka, hiyo ni habari nyingine. Huenda ni ufa wa mfupa. Dalili nyingine za ufa ni kuumwa hata umelala usiku, na kushindwa kuruka kwa mguu mmoja. Hapo hakuna kuchua, hakuna mafuta ya moto, hakuna "nitakimbia polepole". Ni kuacha kukimbia na kwenda kwa daktari. Jua pia kwamba picha ya eksirei ya majuma ya mwanzo inaweza kutoka safi na ufa upo. Mimi niliambiwa picha ni safi, nikarudi barabarani siku ya kumi. Majuma matatu yakawa sita kwa sababu hiyo tu.

Najua kuna mtu atanitajia John Stephen Akhwari. Mtanzania yule, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, alianguka njiani, goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea, akaingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Namheshimu kuliko washindi wengi. Lakini yeye alikuwa ametumwa na nchi, mara moja katika maisha, na mbele yake palikuwa na mstari wa kumalizia. Wewe na mimi hatujatumwa na mtu. Jumamosi ijayo kutakuwa na futingi nyingine, na nyingine baada yake. Na Akhwari mwenyewe alipona kwanza kabla ya kushika nafasi ya tano katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh mwaka 1970. Sehemu hiyo ya hadithi huwa haisimuliwi.

Kitu kimoja kingenisaidia kuliko kunyoosha misuli, na hakidai franga hata moja. Simama kwenye ukingo wa ngazi ya baraza kwa vidole vya miguu, visigino vikiwa hewani, ushike ukuta. Panda juu kwa hesabu ya mbili, shuka kwa hesabu ya tatu. Mara kumi na tano, pumzika, rudia mara tatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ikizoeleka, fanya kwa mguu mmoja. Halafu fanya nyingine magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, kwa sababu kuna msuli wa chini ambao goti likikunjwa hubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi, na ndio unaobeba mzigo mkubwa unapokimbia. Magoti yakilalamika mbele, jaribu kufupisha hatua na kuziongeza idadi. Mguu utue karibu na mwili wako, usiutupe mbele kama unaruka mtaro.

Kula. Hili nalisema kwa dada na mama hasa, kwa kuwa wengi wanaanza futingi ili wapungue, na wanakimbia na chai tupu tangu jana. Mfupa haujengwi na chai. Bukari na sombe, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, maharagwe, mayai ukiweza. Na kopo la munkoyo baada ya kukimbia, ukilipenda. Mwanamke ambaye siku zake zinakatika miezi mitatu tangu aanze mazoezi, na si mjamzito, huenda anakula pungufu ya anachotumia, na mifupa yake inadhoofika kimyakimya; aonane na daktari, wala asifurahie.

Na malaria. Kila mtu hapa ameshakimbia na homa "ili itoke kwa jasho". Haitoki. Moyo unaopiga kwa homa haufai kupewa mlima. Maliza dawa, kula siku kadhaa, anza kwa kutembea, na hesabu umbali wako kana kwamba mwezi ule haukuwepo. Kuna pia wengi kati yetu wenye chembe ya selimundu, S, upande mmoja tu, yaani AS, ambao kwa kawaida hawana ugonjwa na wanaweza kukimbia maisha yao yote. Ila hao ndio wanaohitaji hasa kupanda taratibu, kunywa maji, na kusimama mara misuli inapoishiwa nguvu ghafla badala ya kujilazimisha na kundi. Mwenye selimundu yenyewe, SS, mwenye presha, aliyepita arobaini bila kupimwa, aanzie kwa daktari. Maumivu ya kifua au kizunguzungu njiani: keti chini, ita mtu.

Baada ya jeraha, usirudi ulipoishia. Kwanza tembea dakika 30 kwa kasi bila uchungu, siku kadhaa. Kisha rudi kwenye nguzo zile za umeme, na namba yako ya ukutani ifute, maana siku 30 zimepita na ile rekodi ya zamani si yako tena. Hili lilinichoma kuliko mfupa. Kufuta 12 na kuandika 2.

Na kundi? Mimi nimerudi kwenye kundi. Ni furaha ambayo futingi ya peke yako haina, na gizani ni usalama pia. Ila nimejifunza kujua mapema njia yao inapita wapi, na ni kona ipi iko umbali wa namba yangu gawanya kwa mbili. Juma lililopita kona hiyo ilikuwa mbele ya kioski cha mikate. Kijana wa filimbi aliwapeleka wote kushoto, mlimani. Mimi niliinua mkono, nikageuka. Papa mwenye taulo alinipigia kelele, "Yaya, umechoka?" Nikamwambia ndiyo, ingawa sikuwa nimechoka, nikanunua mikate miwili nikarudi nyumbani nikiitikia wimbo wao mpaka ulipopotea.